Nani Anamjibu Mtoto? Historia ya Video za Kuwafundisha Watoto Wadogo Lugha

Historia ya kuwafundisha watoto wadogo kwa picha zinazotembea husimuliwa mara nyingi kama historia ya vyombo: ilianza runinga, zikafuata kanda, zikaja DVD, ikaja YouTube, na sasa ni zamu ya simu ya mama iliyo mkononi mwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Ikisimuliwa hivyo, kila zama huonekana kuwa hatua mbele, na anayelalamika huonekana mtu wa kuogopa vitu vipya. Ila historia hiyohiyo inaweza kupangwa kwa swali jingine: katika kila zama, mtoto alipotamka neno, nani alikuwa akimjibu? Ukiipanga kwa swali hilo utaona kwamba baadhi ya vyombo vya kale vilimfaa mtoto kuliko vya leo, na kwamba vipindi viwili vinavyofanana kwa rangi na nyimbo vinaweza kuwa na matokeo mbalimbali. Hoja ya makala hii ni kwamba mtoto ambaye bado hajapata lugha huipata kwa majibizano. Kioo humsaidia pale tu kinapoacha nafasi ya kujibu au kinapokuwa na mtu kando yake. Na biashara ya mtandao imeiziba nafasi hiyo kwa sababu ukimya hauingizi fedha.

Chimbuko la mambo haya ni chakula cha jioni kilicholiwa New York mwaka 1966 nyumbani kwa Joan Ganz Cooney, mtayarishaji wa vipindi vya televisheni. Miongoni mwa wageni alikuwamo Lloyd Morrisett, mwanasaikolojia wa taasisi ya Carnegie, ambaye binti yake mdogo alikuwa na desturi ya kuamka mapema na kuketi mbele ya televisheni kabla hata vipindi havijaanza. Wakajiuliza: ikiwa watoto wanakariri nyimbo za matangazo ya bia bila kufundishwa na mtu, kwa nini wasikariri herufi na tarakimu kwa njia hiyohiyo? Swali hilo liliangukia kwenye udongo wenye rutuba. Serikali ya Rais Lyndon Johnson ilikuwa katika kampeni yake dhidi ya umaskini, na wasiwasi mkubwa ulikuwa kwamba mtoto wa kimaskini hufika darasa la kwanza akiwa tayari ameachwa nyuma. Fedha zilipatikana, takriban dola milioni 8, kutoka serikalini na kwenye mifuko ya Carnegie na Ford. Tarehe 10 Novemba 1969 kipindi cha Sesame Street kikarushwa hewani kwa mara ya kwanza. Walengwa wake walikuwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano, na umri huo tusiusahau, kwa sababu mabishano mengi ya baadaye yalitokana na watu kuusahau.

Kilichoitofautisha Sesame Street na vipindi vilivyoitangulia ni kwamba ilipimwa kabla na baada ya kurushwa. Mtafiti wake mkuu, Edward Palmer, alibuni kifaa rahisi: kando ya runinga iliyoonyesha kipindi aliweka mtambo wa kuonyesha picha za mnato zilizobadilika kila baada ya sekunde chache, kisha akaandika mtoto anageuza macho wakati gani. Kila sehemu ya kipindi iliyopoteza macho ya watoto ilirekebishwa au kutupwa. Hata hivyo macho hayakutosha. Shirika la mitihani la Marekani, ETS, liliajiriwa kupima kama watoto walijifunza kweli, na ripoti ya mwaka 1970 ilionyesha kwamba waliotazama zaidi walifaidika zaidi. Furaha ilikuwa kubwa, mpaka mwaka 1975 Thomas Cook na wenzake walipozirudia takwimu hizo katika kitabu walichokiita Sesame Street Revisited. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya mafanikio ilitokea katika familia ambazo watafiti walikuwa wakizitembelea na kuwahimiza wazazi wawatazamishe watoto kipindi hicho. Kwa watoto waliotazama bila msukumo huo, faida ilikuwa ndogo. Kumbe ndani ya jaribio la kupima nguvu za kioo kulikuwa na mtu aliyegonga mlango na mzazi aliyeamshwa kushiriki.

Wakati Wamarekani wakibishana kuhusu takwimu hizo, jawabu moja lilikuwa likitengenezwa kwenye chombo kisicho na picha kabisa. Mwaka 1974 watafiti kutoka Chuo Kikuu cha Stanford walianza kufundisha hesabu kwa redio katika shule za msingi za Nicaragua, na somo lao lilikuwa na umbo jipya: sauti ya redio iliuliza, ikanyamaza kwa sekunde kadhaa, darasa zima likajibu kwa sauti, ndipo redio ikataja jibu sahihi na kuendelea. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mbinu hiyo ilivuka bahari hadi Kenya, ambako mradi wa redio ulifundisha Kiingereza kwa nusu saa kila siku ya shule katika madarasa matatu ya kwanza ya msingi. Kwa watoto wa Afrika Mashariki umbo hilo halikuwa geni. Msimulizi wa ngano husema "Paukwa!" na haendelei mpaka asikie "Pakawa!", mtega kitendawili hategi mpaka aambiwe "Tega!" Wasimulizi wetu walijua tangu zamani kwamba msikilizaji anayejibu ndiye anayesikiliza. Redio ya Nicaragua na Kenya ilifikia hapohapo kwa njia ya majaribio, na ikathibitisha kwamba hata chombo kisichoona wala kusikia kinaweza kumfanya mtoto aseme, ikiwa aliyekitengeneza amekubali kukinyamazisha kidogo.

Televisheni ilichelewa kujifunza somo hilo. Ilipofika Septemba 1996, kituo cha Nickelodeon kilianza kurusha Blue's Clues, kipindi kilichobuniwa na Angela Santomero, Todd Kessler na Traci Paige Johnson kwa ajili ya watoto wa shule ya awali. Mtangazaji wake alimtazama mtoto machoni kupitia kamera, akauliza swali, kisha akasimama kimya kwa muda ambao mtu mzima angeuona wa kuchosha. Tena kipindi kimoja kilirudiwa siku tano mfululizo, kwa kuwa watayarishaji walibaini kwamba mtoto hujibu zaidi anapokijua kinachokuja. Kwa sheria za biashara ya televisheni huo ulikuwa wendawazimu, maana sekunde ya kimya ni sekunde ambayo mtazamaji anaweza kubadili kituo. Kipindi kilifaulu hata hivyo, na wengine wakaiga ukimya wake. Laiti historia ingeishia hapo, makala hii isingekuwa na la kubishania. Lakini katika miaka hiyohiyo bidhaa nyingine ilikuwa ikiandaliwa kwa ajili ya watoto wadogo zaidi, wale ambao Sesame Street haikuwakusudia.

Bidhaa hiyo ilitokana na sayansi ya kweli iliyovutwa kupita mipaka yake. Mwaka 1984 Janet Werker na Richard Tees walionyesha kwamba mtoto wa miezi sita hutofautisha sauti za lugha ambazo hajawahi kuzisikia nyumbani, na kwamba uwezo huo hupungua anapokaribia kutimiza mwaka. Mwaka 1993 jarida la Nature lilichapisha utafiti mdogo wa wanafunzi wa chuo kikuu ambao, baada ya kusikiliza muziki wa Mozart kwa dakika kumi, walifanya vizuri zaidi kwa muda mfupi katika maswali ya kupima ufahamu wa maumbo. Utafiti huo haukuhusu mtoto yeyote, lakini mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia, Zell Miller, aliomba fedha za umma ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apewe muziki huo. Katika jimbo hilohilo Julie Aigner-Clark, aliyewahi kuwa mwalimu, alikuwa ameshatengeneza nyumbani kwake kanda ya video aliyoiita Baby Einstein. Ndani yake kulikuwa na midoli na vitu vya kuchezea, na sauti za akina mama wakihesabu na kusema maneno ya kitoto kwa lugha saba, zikiwamo Kiebrania, Kijapani na Kirusi. Wazo lilieleweka upesi: ikiwa sikio la mtoto mchanga liko wazi kwa lugha zote, basi liletewe lugha zote. Mwaka 2001 kampuni ya Disney ilinunua biashara hiyo, na miaka miwili baadaye ilikadiriwa kwamba karibu theluthi moja ya watoto wa Marekani wenye umri wa miezi sita hadi miaka miwili walikuwa na angalau video moja ya aina hiyo nyumbani.

Mwaka huohuo wa 2003 dai hilo lilipimwa kwa namna iliyonyooka kabisa. Patricia Kuhl na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington waliwachukua watoto wa Kimarekani wa miezi tisa, umri ambao mlango wa sauti za kigeni huanza kufungwa, wakawapa vikao 12 vya Kichina cha Mandarin katika muda wa takriban mwezi mmoja. Kundi moja lilikaa na Wachina waliowasomea vitabu na kucheza nao sakafuni. Kundi jingine liliwaona na kuwasikia watu walewale, wenye vitabu na midoli ileile, ila kwenye video. Baada ya vikao, watoto waliochezewa na watu walitofautisha sauti za Mandarin sawa na watoto waliolelewa Taiwan. Waliotazama video hawakuwa tofauti na watoto ambao hawakuwahi kusikia Mandarin hata kidogo. Sauti zilikuwa zilezile, sura zilezile, na muda uleule. Kilichokosekana kwenye video ni mtu anayeona mtoto ametazama kitu gani na kukitaja palepale, anayecheka mtoto anapocheka, anayengoja. Kwa jaribio hili moja, msingi wa kanda ya lugha saba ulianguka: sikio la mtoto mchanga lilikuwa wazi kweli, lakini kioo peke yake hakikuupita mlango wake.

Soko halikutikisika mara moja. Mwaka 2007 watafiti wa chuo hichohicho, Frederick Zimmerman, Dimitri Christakis na Andrew Meltzoff, walichapisha matokeo ya mahojiano ya simu na wazazi zaidi ya 1,000 na kueleza kwamba, kwa watoto wa miezi 8 hadi 16, kila saa ya kutazama DVD za wachanga kwa siku iliendana na kujua maneno sita hadi manane pungufu. Disney ilitaka chuo kikanushe, chuo kilikataa. Baada ya malalamiko ya wanaharakati, mwaka 2009 kampuni ikakubali kuwarudishia fedha wazazi waliotaka kurudisha DVD hizo. Hapa haki inatudai tuseme upande wa pili. Mahojiano ya aina hiyo hayaonyeshi kipi kilisababisha kipi, kwa kuwa huenda wazazi wa watoto waliochelewa kusema ndio walionunua video nyingi zaidi. Na mwaka 2014 watafiti wengine walizirudia takwimu hizo wakaona uhusiano huo ni dhaifu. Tukubali, basi, kwamba dai la video kumdumaza mtoto halijasimama imara. Ila dai kwamba zinamfundisha ndilo lililokuwa likiuzwa, na hilo lilianguka katika jaribio la Judy DeLoache na wenzake mwaka 2010. Watoto wa miezi 12 hadi 18 walitazama nyumbani, kwa wiki nne, video maarufu ya kufundisha maneno, na hawakujua maneno zaidi ya wale ambao hawakuiona kabisa. Waliojifunza zaidi ni wale ambao wazazi wao walipewa orodha ya maneno yaleyale na kuambiwa wayatumie katika shughuli za kila siku, bila video yoyote. Tena wazazi walioipenda video ndio walioamini zaidi kwamba watoto wao wamejifunza kutokana nayo.

Wakati wazazi wa Marekani wakirudisha DVD zao, uwanja wenyewe ulikuwa umeshahamia kwingine. YouTube ilianza mwaka 2005, na katika miaka michache nyimbo za kitoto zikawa miongoni mwa video zinazotazamwa zaidi duniani. Huko Chennai, India, ChuChu TV ilianza mwaka 2013. Huko California chaneli iliyokuja kuitwa Cocomelon ilikuwa ikikua tangu 2006. Na wimbo wa papa mdogo uliotolewa na kampuni ya Pinkfong ya Korea Kusini mwaka 2016 uliongoza kwa kutazamwa YouTube nzima ifikapo Novemba 2020. Badiliko kubwa zaidi halikuonekana kwenye kioo. Mwaka 2012 YouTube ilibadilisha kigezo cha kupendekeza video, ikaacha kutegemea idadi ya mibofyo na kuanza kuthamini muda ambao mtu anabaki akitazama. Kuanzia hapo mtayarishaji aliyeacha sekunde tano za kimya ili mtoto ajibu alikuwa akijiumiza mwenyewe. Faida ilikuwa kwa mkusanyiko wa nyimbo wa saa nzima au zaidi usio na mwanya, picha zikibadilika upesi, na video inayofuata ikijianzisha yenyewe kabla mtoto hajainua kichwa.

Ushahidi wa mabadiliko hayo umo katika kifaa kimoja. Mwaka 2022 gazeti la New York Times lilieleza jinsi Moonbug, kampuni ya London iliyoinunua Cocomelon mwaka 2020, ilivyozijaribu video zake: mtoto anakalishwa mbele ya kipindi, na kando yake panawekwa kioo kidogo kinachoonyesha mambo ya kawaida ya watu wazima, kila mtoto anapogeuka kukitazama, mtafiti anaandika, na sehemu hiyo ya video inafanyiwa marekebisho. Hicho ni kifaa cha Palmer cha miaka ya 1960, karibu bila kubadilishwa. Tofauti iko katika kilichofuata. Kwa Palmer macho yalikuwa njia, na baada ya macho ulikuja mtihani wa kuona kama mtoto amejifunza herufi. Katika uchumi wa mtandao macho yamekuwa mwisho wa safari, kwa sababu ndiyo yanayolipwa. Si lazima tumdhanie mtu nia mbaya ili kuliona hilo. Kampuni hutengeneza kile inachokipima, na hakuna mfumo wa malipo uliowahi kumdai mtayarishaji wa YouTube aonyeshe kwamba mtoto wa miaka miwili ametamka neno jipya.

Serikali zilipoingilia kati, ziligusa pembeni. Septemba 2019 Google na YouTube zilikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani kwa kukusanya taarifa za watoto bila idhini ya wazazi, na kuanzia Januari 2020 matangazo yanayomfuatilia mtazamaji yalizuiwa kwenye video za watoto. Hatua hiyo ililinda faragha, jambo jema, lakini haikugusa umbo la video zenyewe. Shirika la Afya Duniani nalo lilitoa mwongozo wake mwaka 2019: mtoto asiwekwe kabisa mbele ya kioo kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na kuanzia miaka miwili hadi minne muda wa kutazama usizidi saa moja kwa siku. Mwongozo huo unahesabu saa, kama vile saa zote ni sawa. Madaktari wa watoto wa Marekani walikuwa wamesogea karibu zaidi na kiini mwaka 2016, walipolegeza katazo lao kwa watoto wa chini ya miezi 18 katika jambo moja tu: mazungumzo ya video na jamaa. Utafiti wa Sarah Roseberry na wenzake wa mwaka 2014 unaeleza kwa nini. Watoto wa miaka miwili na miezi kadhaa walijifunza vitenzi vipya kutoka kwa mtu aliye kwenye kioo aliyewajibu papo kwa papo, na hawakujifunza kutoka kwenye rekodi ya mtu huyohuyo. Kioo kilikuwa kilekile. Kilichotofautiana ni kujibiwa.

Afrika Mashariki iliingia katika historia hii kwa mlango wake. Kenya na Uganda zilikuwa na televisheni tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Zanzibar tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994, na kwa kaya nyingi kioo cha kwanza kumilikiwa ni cha simu. Sesame Street ilifika Tanzania ikiwa na sura ya Kilimani Sesame, kwa Kiswahili, ikitumia runinga, redio na vitabu pamoja. Utafiti wa Dina Borzekowski na mwenzake uliochapishwa mwaka 2010 ulifanyika kwa watoto wa Dar es Salaam na Kisarawe na ukaonyesha kwamba waliokipokea zaidi kipindi hicho walifaidika. Januari 2014 kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam ilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC1, na ikafanya jambo ambalo wakubwa wa YouTube hawakulifanya: iliuliza maswali ya hesabu na kuwawezesha watoto kuyajibu kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida, ile isiyohitaji bando. Baadaye ikaja Akili and Me kwa watoto wa shule ya awali, hadithi ya binti anayeishi chini ya Mlima Kilimanjaro na ambaye usingizini huingia katika nchi ya wanyama rafiki. Borzekowski aliijaribu Morogoro kwa watoto zaidi ya 500, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba walioitazama walipiga hatua katika kuchora, maumbo, tarakimu, kuhesabu na Kiingereza.

Hapa msomaji makini atapinga: ikiwa watoto wa Morogoro walijifunza, tena hata Kiingereza, basi kioo kinafundisha. Pingamizi hilo lina nguvu, na linaungwa mkono na wachumi Melissa Kearney na Phillip Levine, walioonyesha kwamba watoto wa Marekani waliokulia katika maeneo yenye mawimbi mazuri ya Sesame Street walifanya vizuri zaidi shuleni kuliko waliokulia kwenye mawimbi hafifu. Nalikubali, na linaifanya hoja ikae mahali pake sawasawa. Mtoto wa miaka minne ameshaipata lugha. Anajua kwamba picha ya tembo inasimama badala ya tembo, anajua kufuata kisa, na akiona tarakimu 3 kwenye kioo ana neno "tatu" la kuitundika. Anayejifunza hapo anaongeza vitu katika nyumba iliyokwisha kujengwa. Mtoto wa miezi 15 bado anachimba msingi, na msingi huo ndio Kuhl na DeLoache waliouona haujengwi na kioo peke yake. Kosa la Baby Einstein, na la maelfu ya chaneli zilizoirithi, lilikuwa kuchukua sifa njema zilizopatikana kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano na kuwauzia wazazi wa wachanga.

Pingamizi la pili linasikika sana katika miji yetu: watoto wengi wanaongea Kiingereza walichokiokota kwenye katuni, na hakuna aliyekaa nao kuwafundisha. Ni kweli kwamba inatokea, na imepimwa mahali pengine. Huko Flanders, Ubelgiji, Vanessa De Wilde na wenzake walichunguza watoto wa miaka 10 hadi 12 ambao hawajaanza masomo ya Kiingereza shuleni, wakakuta wengi wanakijua kwa kiwango cha kushangaza. Walipotafuta chanzo, vilivyoongoza havikuwa vipindi vya kutazama tu. Vilikuwa michezo ya kompyuta, mitandao ya kijamii na kuongea na watu, yaani shughuli ambazo usipojibu huendelei. Mtoto wa Dar es Salaam au Nairobi anayechota Kiingereza kwenye katuni ana pia kaka, dada na wenzake wa shuleni wa kukifanyia mazoezi, na ana Kiswahili au lugha nyingine ya nyumbani kama nguzo ya kuegemea. Hatari iko kwa mdogo wake wa mwaka mmoja na nusu, anayepewa katuni hizohizo za Kiingereza katika saa ambazo zamani alizijaza shangazi au yaya kwa maneno. Huyo hapati Kiingereza kutoka kwa kioo, na huenda Kiswahili anakipata pungufu. Wazazi wanaodhani wamemtanguliza mtoto katika lugha ya kigeni huenda wamemcheleweshea ya kwake.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi kibinadamu: nani ana muda? Mama anayetoka alfajiri kwenda sokoni, baba wa zamu ya usiku, msichana wa kazi mwenye mapishi na nguo za kufua, wote wanamkabidhi mtoto simu ili kazi zifanyike. Kumwambia mlezi huyo akae akamjibu mtoto kutwa nzima ni kumwongezea mzigo. Lakini ushahidi haudai kutwa nzima, wala haudai mtu mzima peke yake. Katika jaribio la DeLoache wazazi waliofanikiwa zaidi waliyatumia maneno ndani ya kazi zao za kawaida, na kumwambia mtoto "leta sufuria" hakuongezi saa kwenye siku. Mwaka 2018 Sarah Lytle, Kuhl na mwenzao walirudia jaribio la Mandarin kwa kioo cha kugusa, wakawakalisha baadhi ya watoto wawili wawili. Waliokaa na mwenzao walionyesha dalili za kujifunza ambazo waliokaa peke yao hawakuzionyesha. Mkono mmoja haulei mwana, na inaelekea kioo kimoja hakimfundishi mtoto mmoja. Desturi ya watoto wa nyumba kadhaa kurundikana mbele ya runinga ya jirani, ambayo tumeizoea kama dalili ya ufukara, huenda kwa mtoto mdogo ni bora kuliko kila mmoja kuwa na simu yake chumbani.

Watayarishaji nao wameonyesha kwamba mwanya unaweza kurudishwa hata ndani ya YouTube. Rachel Griffin Accurso, mwalimu wa zamani wa muziki wa shule ya awali jijini New York, alianza mwaka 2019 chaneli iliyokuja kujulikana kwa jina la Ms Rachel: uso karibu na kamera, mdomo unaoonekana vizuri, neno moja linalorudiwa, kisha kimya cha kumngoja mtoto. Mamilioni wanamtazama, jambo linalokanusha dhana kwamba mtandao hauvumilii ukimya. Rekodi yake bado haiwezi kujua mtoto amesema nini. Ukimya wake humwachia mlezi aliye karibu nafasi ya kujibu, na faida yake yote imo humo. Kwa familia za Waswahili walioko Muscat, London au Minneapolis, njia iliyo na ushahidi zaidi ni ya bei rahisi kuliko chaneli yoyote: bibi aliye Mombasa au Tanga akimpigia mjukuu simu ya video na kumuuliza amekula nini anampa kile ambacho watoto wa jaribio la Roseberry walipewa.

Miaka zaidi ya hamsini ya majaribio, basi, imetufikisha kwenye kipimo ambacho mlezi, mtayarishaji na serikali wanaweza kukitumia. Kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, video ya kufundisha lugha isihesabiwe kuwa somo bali kisingizio cha maongezi. Isipoanzisha maongezi, ni burudani tu, na iitwe hivyo. Kwa wa miaka mitatu na kuendelea, kipindi kizuri kwa lugha anayoifahamu kinaweza kumpeleka mbali, kama Morogoro ilivyoonyesha. Vituo vya umma, wizara za elimu na wafadhili wanaogharimia vipindi vya Kiswahili wanapaswa kuacha kupokea idadi ya watazamaji kama ushahidi wa mafanikio, kwa sababu idadi hiyo ndiyo iliyowafundisha wakubwa wa YouTube kuondoa ukimya. Wadai kile ETS ilichodaiwa mwaka 1970 na Borzekowski alichokifanya Morogoro: mtoto apimwe kabla, apimwe baada, na ijulikane nani alikuwa amekaa naye. Kutengeneza kipindi kinachopimwa hivyo ni ghali zaidi, na kitatazamwa kwa dakika chache zaidi. Gharama hiyo ndiyo bei halali ya neno "elimu" linaloandikwa kwenye jina la chaneli, na asiyetaka kuilipa hana haki ya kulitumia.